Sikiliza kwanza, kipuri baadaye: mimi na MGB yangu

Gari langu ni MGB ya mwaka 1971, ya wazi, rangi ya kijani iliyokolea, na inalala kwenye banda dogo nyuma ya nyumba tunayoishi hapa Reading, Uingereza. Mwaka nautaja kwa makusudi. MGB zilitengenezwa kuanzia 1962 hadi 1980 kwenye kiwanda cha Abingdon, si mbali na kwangu, na kila baada ya muda walikuwa wanabadilisha hiki na kile. Mpaka mwaka 1967, upande chanya wa betri ndio uliofungwa kwenye bodi. Baadaye ukawa upande hasi. Betri zenyewe zilikuwa mbili za volti 6, zimefichwa nyuma ya viti, hadi mwaka 1974 ikaja moja ya volti 12. Ukiagiza kipuri bila kujua mwaka wa gari lako, na mara nyingine namba ya chesisi, unaletewa kitu kisichoingia.

Watu huniuliza kwa nini nisichukue Jaguar E-type au Austin-Healey, ambazo kwa kweli ni nzuri zaidi kwa macho. Jibu langu ni vipuri. MGB zilizotoka kiwandani ni zaidi ya laki tano, kwa hiyo karibu kila kitu bado kinatengenezwa, hadi bodi nzima mpya, inayouzwa tangu 1988. Mwenye kuanza, na anayetaka kutengeneza mwenyewe nyumbani, nitamwambia achukue MGB, MG Midget au Triumph Spitfire. Midget za hadi mwaka 1974 zina injini ya ukoo mmoja na ya Mini na Morris Minor. Spitfire boneti lake linafunuka lote kwenda mbele pamoja na mabawa, unakaa juu ya tairi unafanya kazi. Uzuri wa gari ambalo pampu yake ya maji unaitafuta miezi mitatu huisha haraka.

Jambo la pili ni spana. Magari haya ni ya inchi. Spana ya milimita 13 inaingia kwenye nati ya nusu inchi, kwa sababu nusu inchi ni milimita 12.7, na hapo ndipo balaa linapoanza: inaingia, unakaza, inateleza, pembe za nati zinaliwa. Aliyekuwa na gari hili kabla yangu alikuwa na seti ya milimita tu, na alama zake nazikuta kila ninapofungua kitu. Seti yangu ya inchi niliipata kwa mjomba wangu wa Tanga, fundi wa zamani wa Land Rover na Morris, aliyeshika spana hizo tangu enzi za kina Leyland. Zilisafiri kwenye begi la shangazi, zimefungwa kwenye kanga, na uwanja wa ndege shangazi aliulizwa maswali mengi.

Sasa kutu. Hapa sitaki kupita haraka, maana injini ikifa unanunua nyingine, bodi ikioza umekwisha. MGA iliyotangulia ilikuwa na fremu yake chini, bodi ikakalishwa juu. MGB haina fremu hiyo. Bodi yenyewe ndiyo mifupa, na kwa kuwa gari halina paa, nguvu ya katikati yote inabebwa na vile vizingiti vya chini ya milango. Kizingiti kwa nje unaona bati moja safi lenye rangi inayong'aa, kumbe ndani kuna mabati mengine yaliyounganishwa, na kati yao kuna uwazi. Tope na chumvi ya barabarani vinaingia humo, vinakaa, na bati linaliwa kuanzia ndani. Kikulacho ki nguoni mwako. Waingereza humwaga chumvi barabarani msimu wa baridi ili barafu isigande, na mtu aliyekulia karibu na bahari hahitaji kuelezwa chumvi hufanya nini kwenye chuma.

Ukienda kununua, usibabaishwe na rangi. Fungua mlango, ufunge, tazama ufa kati ya mlango na bawa la nyuma: juu na chini uwe sawa. Kisha omba jeki, nyanyua gari upande mmoja, ujaribu mlango tena. Mlango ukianza kukwama, au ule ufa ukibadilika, bodi inakunjika katikati na vizingiti vimekwisha, hata kama muuzaji anakuapia. Nilipoifanya kazi hiyo kwa gari moja kule Oxford, muuzaji alikunja uso, akasema hakuna haja ya jeki. Nikashukuru, nikapanda treni.

Langu lilihitaji kizingiti kimoja, na kuchomelea nilimwachia fundi mwenye mashine na mazoea. Nilichojifunza kwa kumtazama ni kwamba hakukata chochote kabla ya kuchomelea vyuma vya muda kwenye nafasi ya mlango, kutoka nguzo ya mbele hadi ya nyuma, ili bodi isije ikalegea na kubaki imepinda. Mlango aliujaribu mara kwa mara kazi ikiendelea. Baadaye mimi mwenyewe nilipulizia nta ya kuzuia kutu ndani ya vizingiti, nikazibua vitundu vya kutolea maji vilivyo chini ya milango. Vitundu hivyo hujaa majani na tope, na kuvizibua ni kazi ya dakika chache kwa waya. Hakuna kazi rahisi kuliko hiyo yenye faida kubwa namna ile.

Injini ni nyingine kabisa. Injini inasema. Ubovu wake mwingi una sauti, na mjomba ndiye aliyenifundisha kusikiliza, akiwa Tanga, mimi niko huku.

Siku hiyo tulikuwa tunakwenda harusini Slough. Watoto wametangulia na shangazi yao, maana gari lina viti viwili tu, mama watoto ameshavaa gauni lake refu, mimi na kanzu. Gari likawaka, likatembea hadi getini, likakohoa, likazima. Starta inazungusha vizuri, ila moto haushiki. Nikampigia.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Limekufa vipi?"

Nikamweleza.

"Usifungue kitu. Pampu ya petroli iko wapi kwenye gari lako? Kwenye Morris ilikuwa mbele, ukutani kwa injini."

"Iko nyuma mjomba, upande wa kulia, karibu na tairi."

"Basi nenda na simu hukohuko. Mwambie mkeo afungue swichi, starta asiiguse."

Mama watoto akafungua swichi. Kimya.

"Imelala," mjomba akasema. "Ina moto wa umeme?"

Nikachukua taa ya kupimia, nikagusa waya mweupe unaoingia kwenye pampu. Taa ikawaka.

"Ina moto."

"Sasa igonge na mpini wa bisibisi. Taratibu mwanangu, usiivunje."

Nikaigonga. Tik-tik-tik-tik, haraka haraka, kisha ikapunguza, tik… tik… ikanyamaza.

"Umesikia ilivyonyamaza? Vikombe vya kabureta vimejaa. Nenda harusini. Kesho ifungue kifuniko, usafishe pointi zake."

Tulifika Slough kabla ya bwana harusi.

Pampu ya petroli ya zamani, ya kampuni ya SU, ndani ina koili ya sumaku, kiwambo na jozi ya pointi, yaani ncha mbili za kupitisha umeme. Sumaku inavuta kiwambo, pointi zinaachana, springi inakisukuma kiwambo kurudi huku petroli ikienda mbele, pointi zinakutana tena. Kila mzunguko ni tik moja. Ndiyo maana inazungumza. Ukifungua swichi inagonga haraka, vikombe vikijaa inanyamaza, halafu gari likiwa limesimama utasikia tik moja moja ya mbali. Ikigonga bila kunyamaza, tenki halina petroli, au inavuta hewa mahali fulani kwenye bomba la kutoka tenki, au sindano ya kabureta haifungi na petroli inamwagika, na hilo la mwisho ulikimbilie haraka kwa sababu ya hatari ya moto. Ikiwa kimya kabisa, umeme haufiki, au waya wake wa bodi umeoza, au pointi zimeshika uchafu, na hapo ndipo mpini wa bisibisi unaposaidia hadi ufike nyumbani. Gharaji moja niliyowahi kuuliza bei iliniambia ubovu kama huo dawa yake ni pampu mpya, bila hata kuisikiliza. Yangu ilihitaji kipande cha karatasi ngumu kilichopitishwa katikati ya pointi, na waya mweusi kukwanguliwa pale unapofungwa.

Tangu hapo kila kitu nakisikiliza au nakipima kabla ya kufungua pochi. Tapeti, kwa mfano, yaani vile vikono vinavyozisukuma vali za injini zifunguke. Injini ya MGB, ile ya cc 1,798, ina vali nane zimepangwa kwa mstari, na tapeti zake unazirekebisha mwenyewe kwa bisibisi na spana ya nusu inchi. Injini iwe imepoa. Unatoa plagi zote nne ili izunguke kirahisi, unaingiza gia ya nne, unalisukuma gari kidogo kidogo kwa mkono huku ukitazama vali. Kuna hesabu ya tisa ambayo mafundi wa zamani wanaijua kwa moyo: vali namba 8 ikiwa imebonyea kabisa, unapima namba 1, ikibonyea 6, unapima 3, ikibonyea 5, unapima 4. Jumla ni tisa siku zote. Nafasi kati ya vali na kikono chake ni inchi 0.015, yaani milimita 0.38 hivi. Fila geji, kile kibati chembamba cha kupimia nafasi, ipite kwa kukwaruza kidogo, isiingie kwa kulazimishwa wala isicheze.

Mjomba husema tapeti inayolia haikuui, inayokuua ni iliyonyamaza. Nafasi ikiwa kubwa, kelele tu. Ikiwa ndogo mno, vali haikai vizuri kwenye kiti chake, haipati pa kupozea joto, inaungua. Na kwa magari haya kuna sababu ya ziada ya kupima. Petroli yenye risasi ilikoma kuuzwa kwenye vituo vya kawaida vya Uingereza mwanzoni mwa mwaka 2000, na viti vya vali vya zamani, vilivyo laini, vilikuwa vinategemea ile risasi. Bila hiyo vali huzama polepole kwenye silinda hedi na nafasi ya tapeti inajifunga yenyewe. Kwa hiyo naandika vipimo ukutani mwa banda kwa chaki. Vali moja ikianza kujifunga kila nikipima, nitajua hedi inahitaji kupelekwa kuwekewa viti vigumu, na nitajua mapema.

Kabureta ni mbili, za SU pia, na hizi ndizo zinazowatisha watu bila sababu. Kazi ya kwanza ni kuhakikisha zinavuta hewa sawa. Kuna kifaa cha kupimia, ila kipande cha mpira wa maji kinatosha: ncha moja sikioni, nyingine kwenye mdomo wa kabureta, injini ikizunguka polepole bila kukanyagwa mafuta. Sikiliza ya mbele, sikiliza ya nyuma, kaza au legeza skrubu mpaka mlio ulingane. Kisha mchanganyiko. Chini ya kabureta kuna kijiti kidogo kinachonyanyua pistoni yake. Inyanyue kidogo sana, chini ya milimita moja. Injini ikipanda mzunguko na kubaki juu, petroli ni nyingi. Ikitaka kuzima, ni kidogo. Ikipanda kidogo kisha ikatulia, acha hivyo. Nati ya chini ukiipandisha unapunguza petroli, ukiishusha unaongeza, na usizungushe zaidi ya pembe moja ya nati kwa mara moja. Lakini usiguse kabureta kabla hujamaliza tapeti, plagi, pointi na taimingi. Nusu ya kabureta zinazolaumiwa ubovu wake uko kwenye distributa, ile inayogawa umeme wa plagi.

Umeme wa magari haya umechekwa sana. Lucas, waliotengeneza vifaa hivyo, Waingereza wamewabatiza Mkuu wa Giza, na kila mkutano wa magari kuna mzee atakayekusimulia utani huo. Mimi simo. Waya uliofungwa miaka hamsini iliyopita ukishika kutu kwenye viungio, kosa si la aliyeufunga. Tena walipanga rangi vizuri: kahawia ni moto wa moja kwa moja kutoka betri, mweupe ni wa swichi, kijani ni wa swichi uliopita kwenye fyuzi, zambarau una moto wakati wote kupitia fyuzi, mwekundu ni wa taa ndogo, buluu ni wa taa kubwa, mweusi ni wa bodi. Ukishazijua rangi hizo unasoma gari zima bila mchoro. Taabu ni pale wenye gari waliotangulia wanapoongeza nyaya zao. Langu lilikuwa na waya wa nyumbani, wa taa ya mezani, umeshuka hadi kwenye buti.

Lilikuwa na kichekesho kingine: nikikanyaga breki, taa ndogo za nyuma zinafifia na kiashiria kinapepesa. Ukiona taa moja inaingilia kazi ya nyingine, anza na mweusi. Umeme ukikosa njia ya kurudi kwenye bodi hupitia taa jirani. Nilifungua taa za nyuma zote mbili, nikakwangua bati hadi likang'aa, nikafunga upya kwa grisi kidogo. Sikununua hata balbu.

Kwenye petroli nina msimamo. Tangu Septemba 2021 petroli ya kawaida hapa ni E10, yenye hadi asilimia kumi ya ethanoli, na ethanoli inalainisha na kupasua mipira ya zamani. Mimi natia E5, ile ya bei juu, na mipira yote nimeweka mipya yenye alama ya R9, inayohimili ethanoli. Oili ni 20W-50, si ile nyepesi ya magari ya kisasa. Breki sina mchezo nazo. Mafuta yake hunyonya maji hewani, nayabadilisha kila baada ya miaka miwili hata kama gari halijatembea sana, na mpira wa breki wenye nyufa hausubiri mwisho wa mwezi.

Kisheria gari lililopita miaka 40 hapa halilipi kodi ya barabara, ingawa lazima uliandikishe kuwa la kihistoria, na tangu Mei 2018 halilazimiki kwenda ukaguzi wa kila mwaka ikiwa halijabadilishwa sana. Mimi nalipeleka hata hivyo. Macho ya mtu mwingine chini ya gari, kwa bei ile, nayaona nafuu.

Na lazima litembee. Pistoni za breki zinaganda kwa kusimama, sili zinakauka, pointi za pampu zinashika ukungu. Siku kavu yoyote, hata ya Januari, nalitoa. Njia ninayoipenda inatoka Wantage kwenda Ashbury, chini ya vile vilima ambako yule farasi mweupe wa Uffington amechorwa kwenye chokaa. Barabara ni nyembamba, inapanda na kushuka, ua wa miti kila upande, na gari la nguvu za farasi 95 linakutosha kabisa, kwa sababu umekaa chini karibu na lami na mwendo wa kawaida unauona mkubwa. Gia ya nne, unabonyeza swichi ya ovadraivu, injini inashusha mzunguko na unasikia upepo badala ya silensa. Mama watoto hufunga kanga kichwani. Wazee wa Kiingereza wakitupita wanapunga mkono, na mara nyingi tukisimama kunywa chai anakuja mmoja kueleza kwamba naye alikuwa nayo, akaiuza alipozaa.

Kipupwe kinachokuja nashusha injini. Klachi imeanza kuteleza nikipanda mlima, na kwenye MGB klachi huipati bila kutoa injini, basi nitabadilisha pamoja na ile beringi ya kaboni inayoisukuma, sili ya nyuma ya oili, na mipira ya injini. Winchi nitakodi. Shemeji yangu amekubali kushika mnyororo kwa sharti la pilau, na mjomba ameomba simu ikae juu ya benchi wakati wote, ikiwa imewashwa video.